Ndugu Leo, Rafiki wa Fransisko

Mtu anapofiwa na rafiki huachiwa kazi mbili. Ya kwanza ni kulia, na kazi hiyo haina mwalimu. Ya pili ni kukumbuka, nayo ni ngumu kuliko ya kwanza, kwa sababu machozi hukauka yenyewe, lakini kumbukumbu isipotunzwa hupotea, na ikitunzwa vibaya hugeuka ikawa kitu kingine. Wako wanaomkumbuka rafiki kwa kumpamba hata akawa si mtu tena. Wako wanaomkumbuka kwa kumgombania hata jina lake likawa silaha mikononi mwao. Na wako wachache wanaomkumbuka kama alivyokuwa, kwa maneno yake ya njiani, kwa njaa yake na maradhi yake, wala hawafichi jinsi wao wenyewe walivyopungukiwa mbele yake. Katika hao wachache yumo Ndugu Leo wa Assisi, ambaye aliishi miaka arobaini na mitano hivi baada ya kufa kwa rafiki yake, na miaka hiyo yote akaitumia katika kazi ya pili.

Rafiki huyo alikuwa Fransisko, aliyezaliwa katika mji wa Assisi, Italia ya kati, mwaka 1181 au 1182. Baba yake, Pietro wa Bernardone, alikuwa mfanyabiashara wa nguo mwenye mali, na kijana alilelewa katika karamu na nyimbo. Mwaka 1202 alikwenda vitani kupigana na watu wa Perugia, akatekwa, akakaa kifungoni karibu mwaka mzima. Alirudi nyumbani mtu mwingine. Mwaka 1206, mbele ya askofu wa mji, alivua nguo zote alizopewa na baba yake akamrudishia pamoja na fedha, akatoka mikono mitupu. Mwaka 1209 alikwenda Roma na wenzake wachache, na Papa Inosenti III akawapa ruhusa kwa neno la mdomo waishi maisha waliyoyaomba.

Maisha hayo si magumu kueleza. Ugumu wake umo katika kuyafuata. Ndugu wasiwe na nyumba, wala shamba, wala fedha. Wafanye kazi kwa mikono yao, na wakikosa ujira waombe mlango kwa mlango bila ya kuona haya. Wawe wadogo kwa kila mtu, na kwa sababu hiyo wakaitwa Ndugu Wadogo. Fransisko aliona kwamba mwenye mali huhitaji silaha za kuilinda, na mwenye silaha hawezi kuhubiri amani. Mwaka 1219, wakati majeshi ya msalaba yalipokuwa yakiuzingira mji wa Damietta katika Misri, alivuka bila silaha hata kwa Sultani al-Malik al-Kamil, akazungumza naye, akarudi salama. Watu wa imani mbili waliokuwa wakiuana waliona siku hiyo kwamba mtu maskini anaweza kupita mahali ambapo jeshi limeshindwa.

Leo alijiunga na ndugu hao katika miaka ya mwanzo. Alikuwa padre, ilhali Fransisko hakupanda juu ya daraja ya ushemasi. Basi Leo akawa mwungamishi wake, na kwa kuwa alikuwa na mwandiko mzuri akawa pia mwandishi wake. Hizi ni kazi mbili zisizompata mtu ila anayeaminiwa. Mwungamishi huyajua makosa ya mtu, na mwandishi huyajua mawazo yake kabla hayajasafishwa kwa ajili ya macho ya wengine. Jina la Leo maana yake ni simba. Masimulizi ya kale yasema kwamba Fransisko hakumwita simba; alimwita kondoo mdogo wa Mungu. Ulikuwa utani, na utani hauwi ila baina ya watu wanaopendana. Lakini ulikuwa pia mafundisho, kwani katika shirika la Ndugu Wadogo hata simba alitakiwa ajifunze upole.

Moja katika mafundisho yaliyoandikwa kwa kalamu ya Leo ni lile la furaha kamili. Fransisko alimwambia aandike ni kitu gani kisichokuwa furaha kamili. Hata wakija habari kwamba walimu wote wa Paris wameingia shirika, si furaha kamili. Hata maaskofu na wafalme wakiingia, sivyo. Hata ndugu wakifanya miujiza, sivyo. Kisha akampa mfano. Yeye anarudi usiku kutoka Perugia, ni wakati wa baridi kali, njia ni matope, na vipande vya barafu vilivyoganda katika upindo wa kanzu vinampiga miguu hata vinamtoa damu. Anabisha mlangoni kwa ndugu zake, naye bawabu anamwambia aende zake, maana ni mjinga na hana faida kwao. Akiweza kuvumilia hayo bila ya kukasirika, hapo ndipo ilipo furaha. Leo aliyaandika. Yamkini hakujua wakati ule kwamba mfano huo ungekuja kumpima yeye mwenyewe siku ambayo mwalimu hayupo.

Leo alikuwapo pia mwaka 1223 katika pango la Fonte Colombo, Fransisko alipoiandika upya kanuni ya ndugu zake, ile ambayo Papa Honorio III aliithibitisha tarehe 29 Novemba mwaka huo. Na mwaka 1224 walikwenda pamoja katika mlima wa La Verna, Fransisko akafunga huko tangu sikukuu ya kupalizwa Bikira Maria mpaka sikukuu ya Malaika Mikaeli katika Septemba. Katika mfungo huo, kwa ushahidi wa Leo mwenyewe, Fransisko alipata maono ya Serafi, na mwili wake ukapata madonda mfano wa madonda ya Kristo.

Watu wengi wamezungumza juu ya madonda hayo, na wachoraji wakubwa wameyachora. Lakini mlimani palitokea jambo jingine, dogo kwa macho ya ulimwengu. Leo alikuwa na fadhaa moyoni. Jambo lililomsumbua halikuandikwa. Liliandikwa tu kwamba lilikuwa taabu ya roho wala si ya mwili, na kwamba alitamani sana kuwa na neno lililoandikwa kwa mkono wa Fransisko, ila aliona haya kuliomba. Fransisko aliijua haja yake kabla haijasemwa. Mikono yake ilikuwa ikimwuma, naye aliagiza wino na kipande cha ngozi ya kuandikia. Upande mmoja aliandika sifa za Mungu. Upande wa pili aliandika baraka iliyomo katika Kitabu cha Hesabu, ambayo Haruni na wanawe waliamriwa kuwabariki watu kwayo; akaongeza baraka kwa Ndugu Leo kwa jina lake, na akachora herufi ya Tau, mfano wa msalaba, ikapita katikati ya jina hilo. Akampa, akamwambia aitunze mpaka siku ya kufa kwake.

Kipande hicho kingalipo Assisi hata leo. Urefu wake ni kama sentimita 14 na upana wake kama sentimita 10. Kina alama za kukunjwa na kimechakaa, kwa sababu Leo hakukiweka sandukuni. Alikichukua mwilini mwake. Baadaye aliongeza maelezo kwa wino mwekundu na kwa mwandiko wake mdogo uliopangika: mahali palipoandikwa, wakati gani, na kwamba mkono uliochora na kuandika ulikuwa wa Fransisko mwenyewe. Mwandiko wa Fransisko ni mzito na mistari yake inayumba; mwandiko wa Leo ni wa karani. Miandiko miwili imekaa juu ya ngozi moja, mmoja ukitoa na mwingine ukishuhudia. Hapana sanamu ya urafiki inayoweza kushinda hiyo.

Iko barua nyingine fupi ya Fransisko kwa Leo, na yenyewe imehifadhiwa katika mji wa Spoleto. Kilatini chake kina makosa ambayo mwanafunzi angesahihishwa. Fransisko asema naye kama mama asemavyo na mtoto wake. Maneno yote waliyozungumza njiani ayakusanya katika shauri moja: njia yoyote ambayo Leo ataiona ni njema ya kumpendeza Mungu na kufuata nyayo zake na umaskini wake, aishike kwa baraka. Kisha, kama mtu aliyekwisha kuaga akakumbuka neno, aongeza kwamba Leo akiona haja ya kuja kwake kwa ajili ya roho yake, basi na aje. Sehemu ya kwanza yampa rafiki uhuru, na sehemu ya mwisho yamwachia mlango wazi. Wako wengi wanaoweza kutoa kimoja katika hivi viwili. Anayetoa uhuru huchoka na mtu, na anayefungua mlango hutaka kumtawala aingiaye. Fransisko alitoa vyote viwili, na kwa hiyo ngozi hiyo ndogo ina thamani kuliko hotuba nyingi juu ya mapenzi.

Miaka miwili ya mwisho ilikuwa ya maradhi. Macho ya Fransisko yaliharibika, tumbo lilimwuma, na miguu ilishindwa kumchukua. Huko Fonte Colombo tabibu alikusudia kumchoma kwa chuma cha moto kutoka sikioni mpaka kwenye nyusi, kwa kuwa elimu ya wakati ule iliamini kwamba njia hiyo ingezuia maji ya macho. Fransisko alizungumza na moto kama anayezungumza na ndugu yake, akauomba uwe mpole kwake. Na wale waliokuwa pamoja naye wameacha ushahidi wa ajabu: chuma kilipokaribia walikimbia wote, wasiweze kuvumilia kuona. Aliyebaki na mgonjwa alikuwa tabibu peke yake.

Ushahidi huo wastahili kuangaliwa vizuri. Watu wanaosimulia habari za mtu mkubwa hupenda kujiweka karibu naye katika saa kubwa. Rafiki hawa walijiweka mbali, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Hawakuficha kwamba huruma yao ilikuwa na miguu ya kukimbia. Msomaji apatapo shahidi wa namna hii huwa na sababu ya kumwamini katika mengine, maana mtu asiyejipendelea mwenyewe katika hadithi yake hana haja ya kumpendelea mwingine.

Fransisko alikufa Porziuncola, chini ya mji wa Assisi, jioni ya tarehe 3 Oktoba 1226, akiwa amelazwa juu ya ardhi kwa matakwa yake. Katika wasia wake alikuwa amewakataza ndugu wasitafute barua kutoka Roma za kuwapa heshima au himaya, wala wasiufasiri wasia wenyewe kwa maelezo ya hila. Kaburi la maskini lilimtosha. Lakini tarehe 16 Julai 1228 Papa Gregori IX alimtangaza kuwa mtakatifu, na kesho yake likawekwa jiwe la kwanza la kanisa kubwa kwa heshima yake. Msimamizi wa kazi hiyo alikuwa Ndugu Elias. Ujenzi ulitaka fedha, na masimulizi ya baadaye yasema kwamba kisanduku cha marumaru kiliwekwa mahali pa kazi ili wapitao watie sadaka. Leo alikiona, akakumbuka mtu ambaye hakutaka kugusa fedha hata kwa mkono, akakivunja. Kwa tendo hilo alipigwa viboko na kufukuzwa mjini.

Ni rahisi kusimama upande wa Leo na kumfanya Elias adui. Haki haitoi ruhusa hiyo. Elias alikuwa rafiki wa Fransisko pia. Fransisko mwenyewe alimfanya makamu wake mwaka 1221, na katika maradhi ni Elias aliyemhimiza akubali matibabu. Mtu anaweza kumpenda rafiki yake kwa kumjengea kanisa, na watu maelfu ambao hawajui kusoma wamelijua jina la Fransisko kwa picha zilizomo katika kuta zile. Pengine Elias alikumbuka ukubwa wa rafiki yake, na Leo alikumbuka udogo wake, na kila mmoja alikumbuka kweli. Ila Fransisko alikuwa amechagua kimoja katika hivyo viwili, na Leo ndiye aliyekumbuka uchaguzi. Kumheshimu mtu kwa njia aliyoikataa ni heshima yenye deni ndani yake.

Mambo yalikwenda haraka. Mwaka 1230 Papa Gregori IX alitamka kwamba wasia wa Fransisko hauwafungi ndugu kisheria, na kwamba watu amana waweza kupokea fedha kwa ajili ya mahitaji yao. Elias alikuwa mkuu wa shirika tangu mwaka 1232, akaondolewa mwaka 1239, akaenda upande wa Kaisari Frederick II, akatengwa na Kanisa. Akapatanishwa nalo kabla ya kufa Cortona mwaka 1253. Shirika liliendelea kukua. Wale walimu wa Paris ambao kuingia kwao hakukuwa furaha kamili, waliingia. Ndugu wakawa maaskofu, wakawa maprofesa. Leo akaenda kuishi katika nyumba ndogo za milimani pamoja na wenzake wa zamani.

Mwaka 1244 mkutano mkuu wa ndugu katika mji wa Genoa uliagiza kila anayemjua Fransisko apeleke habari zake. Leo, Rufino na Angelo waliitika, na barua yao imeandikwa Greccio tarehe 11 Agosti 1246. Walieleza kwamba hawakukusudia kuandika habari yote kwa mfululizo wake. Wamefanya kama mtu aingiaye bustanini akachuma maua machache aliyoyaona mazuri zaidi. Ni maneno ya watu wanyenyekevu, lakini yana busara ya elimu pia. Mshairi au mwanachuoni angejenga maisha yote ya mtu kutoka mwanzo hata mwisho. Rafiki hujua kwamba alichonacho ni siku, na siku moja haifanani na nyingine.

Siku hizo zilizohifadhiwa katika masimulizi ya wenzi wa Fransisko zina harufu ya maisha. Usiku mmoja wa zamani ndugu mmoja alilia gizani kwamba anakufa. Fransisko aliamka, akaagiza taa, akauliza ni nani anayekufa. Ndugu alijibu kwamba anakufa kwa njaa, kwa kuwa alikuwa amefunga kupita nguvu zake. Fransisko hakumkaripia wala hakumpa chakula ale peke yake. Alitandika meza, akawaita wote waamke wale pamoja naye, ili mwenzao asione haya. Ndipo akawafundisha kwamba kila mtu aujue mwili wake, wala mwenye nguvu asiwe kipimo cha mnyonge. Umaskini usiokuwa na usiku ule ungekuwa ukali mtupu.

Siku nyingine ni ya mnovisi aliyetaka kuwa na kitabu cha zaburi. Fransisko alimwambia kwamba akipata zaburi atataka kitabu kikubwa cha sala, na akipata hicho ataketi kitini kama mkubwa na kumwamuru ndugu yake amletee kitabu. Na siku nyingine ni ya Jacopa, bibi mtukufu wa Roma. Fransisko, akiwa karibu kufa, alitamani kile kitu kitamu cha lozi ambacho bibi huyo alikuwa akimtengenezea. Barua ilikuwa inaandikwa kumwita, naye akabisha mlangoni kabla haijapelekwa, akiwa na lozi zake na nguo ya kumzikia. Mgonjwa alionja kidogo tu, kisha akamkumbuka Ndugu Bernardo kwamba kitu hicho kitampendeza. Mwandishi wa sifa angeona haya kumwandika mtakatifu aliyetamani kitu kitamu kitandani mwa mauti. Rafiki aliandika, kwa kuwa aliona kwamba mtu aliyejinyima kila kitu hakuwa amekufa moyo wa kufurahi.

Mwaka 1253 Leo alikuwa tena penye kitanda cha mauti, huko San Damiano, alipokufa Klara, aliyeutetea umaskini wa masista zake mbele ya mapapa hata akapata kanuni yake kuthibitishwa siku mbili kabla ya kufa. Imeandikwa kwamba Angelo aliwafariji waliolia, na Leo alibusu kitanda. Hakuandikwa kusema neno.

Pigo kubwa lilikuja mwaka 1266. Bonaventura, mkuu wa shirika tangu mwaka 1257, alikuwa ameandika maisha ya Fransisko kwa ufasaha mkubwa, na mkutano wa Paris ukaamuru kwamba maandiko ya zamani juu ya maisha hayo yafutwe, ili kibaki kitabu kimoja. Bonaventura alikuwa mtu mwema na mwanachuoni hodari, lakini hakuishi na Fransisko; alikuwa mtoto wa miaka tisa hivi Fransisko alipokufa. Alikuwa na shirika lililogawanyika mikononi mwake, kila upande ukimshika marehemu kwa upindo wa kanzu na kusema ni wetu. Alitaka amani, na aliona kwamba kitabu kimoja kingeleta amani. Walakini amani inayonunuliwa kwa kufuta ushahidi hudai bei yake baadaye, na shirika lililipa bei hiyo kwa magomvi ya miaka mingi.

Leo alikuwa mzee. Angeweza kutii amri kwa kuchoma kila kitu, au kuiasi kwa kelele. Yule aliyevunja marumaru ujanani hakuvunja kitu mara hii. Kitabu cha sala ambacho Fransisko alikuwa akikitumia alikuwa amekwisha kuwapa masista wa Klara, akaandika ndani yake kwa mkono wake kilikuwa cha nani na kilitumiwaje. Kwa ushahidi wa Ubertino wa Casale, aliyeandika mwaka 1305, karatasi zake za kumbukumbu pia ziliwekwa katika nyumba ya masista hao. Wahenga wamesema mali bila daftari hupotea bila habari. Leo hakuwa na mali; lakini alijua kwamba umaskini nao wahitaji daftari, la sivyo huibiwa kama mali nyingine. Alikufa mnamo mwaka 1271.

Haifai kusema kwamba kila neno lililotoka upande wa Leo ni safi bila ya uchungu. Katika hadithi hizo husikika mara kwa mara sauti ya mzee anayelalamika kwamba zamani zilikuwa njema na vijana wameharibu. Huenda hapo Fransisko anasemeshwa kwa ajili ya ugomvi wa siku ambazo hakuziona. Wataalamu wamebishana juu yake tangu Paul Sabatier, Mfaransa, alipotoa mwaka 1898 kitabu ambacho alidhani Leo alikiandika mwaka mmoja tu baada ya kufa kwa rafiki yake. Ikajulikana baadaye kwamba kimekusanywa miaka mingi mbele. Mwaka 1922 ukachapishwa mkusanyiko mwingine kutoka Perugia, wa zamani zaidi. Basi amri ya mwaka 1266 haikufaulu. Lakini hapa ndipo ilipokuwa hatari ya Leo: mtu anaweza kumlinda rafiki aliyekufa mpaka akamfanya mlinzi wa hasira zake mwenyewe. Dawa ya hatari hiyo ilikuwa mwilini mwake. Ngozi ile iliyokunjwa haikuwa na neno la kumlaumu mtu. Ilikuwa na sifa upande mmoja na baraka upande wa pili.

Matunda ya uaminifu huo yamefika mbali. Mwaka 1921 Wakapuchini kutoka Uswisi, tawi moja la jamaa ya Fransisko, walifika Dar es Salaam, na hospitali ya Ifakara ina jina lake. Wagonjwa waliolala katika vitanda vya huko hawana habari ya mtu aliyechukua ngozi kifuani kwa miaka karibu hamsini. Hata hivyo kama hakungekuwa na shahidi wa usiku ule wa njaa, jina la Fransisko lingebaki katika marumaru na picha, na lisingefundisha mtu kuamka gizani kwa ajili ya mwenzake.

Leo amezikwa katika kanisa lile lile ambalo kisanduku chake alikivunja, karibu na kaburi la Fransisko, pamoja na Rufino, Angelo na Masseo. Ngozi yake imehifadhiwa hapo hapo, katika nyumba iliyojengwa na Elias. Pengine hii ndiyo hukumu ya haki baina ya rafiki wawili waliokumbuka kwa njia mbili: mmoja alijenga mahali pa kutunzia, na mwingine akaleta kitu kinachostahili kutunzwa. Lakini nyumba ingekuwa bure bila ya kile kipande, na kipande kilikaa vizuri miaka mingi katika kanzu ya maskini kabla ya kupata nyumba. Anayetaka kumkumbuka rafiki yake na aanze na kile alichopewa naye mkononi, akisome kila siku, na akitii.